Bibi zetu wameandikwa wapi?



Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, alikuja dukani kwangu binti mmoja na mama yake. Harusi ilikuwa imekaribia, na binti alitaka nguo ya siku ya kupambwa ifanane na ya bibi yake mzaa baba. Akanionesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya picha, imepigwa juu ya meza, taa imemulika katikati. Ndani yake amekaa mwanamke kijana, kavaa kanzu fupi na sarawili ya marinda, ukaya kichwani, mikono imejaa bangili.

Nikauliza maswali anayouliza fundi. Kitambaa ni hariri au pamba? Rangi gani, maana picha ni nyeusi na nyeupe? Harusi ilikuwa mwaka gani? Mama akasema labda kabla ya Mapinduzi, labda baada. Nikauliza bibi alikuwa akiitwa nani. Binti akasema, "Sisi tukimwita Bibi tu." Mama mtu akataja jina la utani. Jina kamili, la bibi na la baba yake, hakuna aliyelijua pale.

Nguo niliishona kwa kukisia, na Alhamdulillah ilipendeza. Lakini jambo lile halikunitoka. Mwanamke amezaa, amelea, ameacha wajukuu wanaompenda mpaka wanataka kuvaa kama yeye, na jina lake limepotea ndani ya miaka sitini. Nikajiuliza: wanawake wa visiwa hivi na mwambao huu wameandikwa wapi? Mie si mtu wa chuo kikuu. Nimemaliza sekondari, nikasoma ushonaji, nikafungua duka. Lakini kusoma najua, na kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta. Nawaletea nilichokipata.

Historia iliyoanza na kitambaa

Kitabu cha kale cha historia ya mwambao kinachojulikana zaidi ni Habari za Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu. Nakala iliyopo leo ilinakiliwa hapa Unguja mwaka 1877, na Sayyid Barghash akampa John Kirk, balozi wa Uingereza. Sasa iko London, kwenye maktaba ya taifa lao. Wareno nao walikuwa na habari hizo hizo, na mwandishi wao João de Barros alizichapisha mwaka 1552.

Fundi kama mie nilifurahi niliposoma mwanzo wake. Inasimuliwa humo kuwa mtawala wa kwanza aliyetoka Shirazi alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa mwenyeji wake kwa vitambaa, vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Yaani dola iliyokuja kujenga misikiti ya mawe na kupiga sarafu zake yenyewe, hadithi yake inaanza na doti za nguo.

Lakini kitabu kile ni cha masultani: nani alitawala, miaka mingapi, nani akamrithi. Aliyevishwa kile kitambaa, aliyekikata na kukishona, hayumo. Si kosa la mwandishi, maana kazi aliyopewa ilikuwa kuandika wafalme. Kama twataka kuwapata wanawake, inabidi tufungue karatasi nyingine.

Mama aliyemuandikia mwanawe

Karatasi ya kwanza ni ya Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Kila mwenye kusoma Kiswahili shuleni amelisikia jina lake kwa sababu ya utendi wake wa mwaka 1858. Wengi tunakumbuka mawaidha ya ndoa tu. Lakini angalia kilichomsukuma kuandika. Alikuwa mgonjwa, na ni mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amepambana kwa miaka na utawala wa Sayyid Said, kisha akafariki. Mwana Kupona akaona ajali yake iko karibu, na ana binti, Mwana Hashima, atakayebaki bila mama. Akachukua kalamu. Miaka kama miwili baadaye alifariki.

Aliandika kwa Kiswahili chake cha kule kaskazini, kwa hati ya Kiarabu kama walivyoandika watu wa wakati ule. Hakukuwa na mtambo wa kuchapa. Utendi ulibaki kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, nyumba hadi nyumba, na mama akamsomea mwanawe. Ulikuja kuchapwa na kufasiriwa Uingereza mwaka 1934, zaidi ya miaka sabini baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa miaka yote hiyo uliwategemea watu walioona una maana wakaukopi tena.

Binti wa Mtoni aliyejifunza kuandika kwa siri

Karatasi ya pili ni ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Enzi hizo watoto wa kike wa nyumba za kifalme walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akiziangalia herufi za msahafu na kuziiga.

Kujua kuandika kukamtia kwenye mambo makubwa. Mwaka 1859 ndugu zake waligombana juu ya utawala, Barghash akitaka kumpindua Majid. Salme alikuwa na miaka kumi na tano tu, akavutwa na dada yake Khole upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika akawa ndiye mwandishi wa barua zao. Njama ile ilishindwa.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaoana Aden mwaka 1867, naye akabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamuacha na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Aliandika kumbukumbu zake kwanza kwa ajili ya watoto wake, kisha kitabu kikatoka Berlin mwaka 1886. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Najua wapo kati yenu ambao hawataki kumsikia kwa sababu ya dini aliyoiacha. Hukumu ya mja iko kwa Mola wake, na mie sisomi kitabu chake nipate mwongozo wa dini. Namsoma kama shahidi. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, kwa miezi. Humo nimekuta jikoni mwa Bet il Mtoni, masuria waliotoka nchi mbalimbali wakiishi nyumba moja, malezi ya watoto, uchumba, ndoa, na maelezo ya mavazi ambayo fundi yeyote wa nguo za harusi angeyataka. Wanaume waliopita hapa na kuandika vitabu, wazungu kwa Waarabu, wasingeweza kuingia chumba kile. Angelikuwa Salme hakujifunza herufi, ndani ya nyumba zile tusingejua chochote ila kuta, na Bet il Mtoni yenyewe leo ni magofu.

Kuta nazo haziaminiki. Beit al Ajaib, aliyoijenga Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikikarabatiwa, na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Tulilia wote. Tunapolilia jumba, tukumbuke kuwa kwenye makabati yetu majumbani kuna vitu vinavyoporomoka kila siku bila mtu kulia.

Wanawake wa mahakamani na wa wakfu

Msidhani walioacha maandishi ni watoto wa wafalme na washairi tu. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hati za zamani, pamoja na za wakfu na za mahakama za makadhi. Watafiti waliozisoma wamekuta wanawake wengi wa kawaida. Wamo waliokwenda kwa kadhi kudai mahari ambayo hayajalipwa. Wamo waliodai matumizi, na waliodai talaka. Wamo waliokuwa na nyumba zao wenyewe, wakaziweka wakfu kwa msikiti au kwa watu wao wa nyumbani.

Wamo pia waliokuwa watumwa. Amri ya mwaka 1897 iliondoa utumwa mbele ya sheria hapa Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuhusishwa mpaka amri nyingine ilipotoka mwaka 1909. Miaka kumi na mbili hiyo ni ya wanawake. Wengi wetu tukichimba vizuri tutakuta bibi wa bibi yuko ndani yake, na hiyo ndiyo sababu moja majina yao hayatajwi majumbani. Watu waliona haya. Mie naona haya si ya aliyetumikishwa.

Nguo nazo zinasimulia habari hii. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, ambao nchi yao ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Baada ya uhuru wao, wanawake wakajinunulia kanga zenye maua na rangi, kisha wengi wakavaa buibui ambalo zamani lilikuwa vazi la mabibi wakubwa. Aliyekuwa amevaa kaniki jana, leo amejifunika kama bibi yeyote. Kanga zikaja kutiwa maandishi, mwanzo kwa hati ya Kiarabu, na baadaye kwa herufi za sasa. Jina la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara ya kanga mwaka 1887, bado tunaliona kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla".

Na kati ya wanawake wa zama hizo yuko Siti binti Saad wa Fumba, muuza vyungu aliyeingia mjini kwa miguu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamuandikia wasifu wake. Fikiria: mwanamke ambaye hakwenda shule, sauti yake imehifadhiwa na maisha yake yamo kitabuni, kwa kuwa mtu alikaa naye akamsikiliza kabla hajaondoka.

Vitabu vya harusi zetu

Biharusi anayetaka kujua ya zamani ana pa kuanzia. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanachuoni wetu aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, yule yule aliyefasiri Qur'ani kwa Kiswahili, aliandika pia kitabu kidogo kiitwacho *Ada za Harusi katika Unguja*. Kilitoka miaka ya 1950. Kwangu hilo ni somo peke yake: alim mkubwa hakuona kuwa mambo ya harusi ni madogo kiasi cha kutoandikwa. Kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, na ndoa zimo. Kitabu chake kilichapwa Ujerumani mwaka 1903.

Hata hivyo, wote wawili ni wanaume. Waliandika walichoruhusiwa kukiona na walichosimuliwa. Siku ya singo, maneno ya somo kwa mwari wake, namna ukaya ulivyofungwa, hayo alikuwa nayo bibi yako, na kama hakuyaandika wala hakuulizwa, amekwenda nayo.

Daftari la bibi yangu

Sasa niwaambie langu, maana ndilo lililonifundisha kuliko vitabu vyote.

Bibi yangu mzaa mama aliuza dhahabu yake ya mahari akachangia kununua nyumba pamoja na babu. Nusu kwa nusu, mbele ya mashahidi, na karatasi ikaandikwa. Karatasi ilikaa chini ya sanduku la nguo, juu ya sakafu, miaka arubaini. Babu alitangulia, kisha bibi. Ulipofika wakati wa mirathi tulifungua sanduku. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Karatasi imebaki vumbi na kipande cha pembeni kisichosomeka.

Watoto wa babu kwa mke mwengine walisema nyumba yote ni ya babu. Siwalaumu sana. Hawakuwahi kuambiwa, na sisi hatukuwa na cha kuonesha. Mama alilia si kwa ajili ya nyumba, bali kwa kuwa ilikuwa kama bibi hajawahi kufanya kitu maishani mwake.

Shangazi mmoja ndiye aliyekumbuka daftari. Bibi alikuwa na daftari dogo la duka, ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi wajukuu tumesoma chuoni, lakini hati ya mkono ilitushinda. Tukampelekea mwalimu mzee. Akasoma: deni la mchele, karafuu zilizouzwa, tarehe za kuzaliwa watoto kwa mwezi wa Kiislamu, na mstari mmoja kuwa ameuza bangili na kikuku, na fedha ametia kwenye nyumba. Idadi ya bangili ipo, majina ya mashahidi hayapo.

Kwa mstari ule na ushahidi wa somo wake aliyekuwa bado hai, watu wakakaa wakafanya sulhu. Upande wetu haukupata nusu. Tulipata sehemu, na ugomvi ukaisha, tunasalimiana kwenye maulidi na misiba. Lakini nilijua siku ile tofauti ya karatasi iliyotunzwa na karatasi iliyoliwa.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu nini? Kuandika deni, mwandishi muadilifu, mashahidi, na kutochoka kuandika liwe dogo au kubwa. Tunaisoma kila Ramadhani, kisha mahari tunaandikiana kwenye karatasi ya daftari la mtoto, au hatuandiki.

Dada yangu, anza na yako

Haya si mambo ya serikali peke yake. Kabla ya harusi yako, au hata kama umeshaolewa:

- Mahari yaandikwe kwa ukamilifu: fedha kiasi gani, dhahabu uzito gani, kilicholipwa na kilichobaki. Majina matatu ya walii na mashahidi, na tarehe zote mbili, ya Kiislamu na ya kawaida.
- Cheti cha ndoa na hati zako ziwe na nakala mahali pawili tofauti, na picha yake kwenye simu ya mtu unayemuamini.
- Karatasi zisikae sakafuni wala zisigusane na ukuta wenye unyevu. Karafuu na udi vitanukisha sanduku, mchwa hawajali.
- Picha za zamani andika nyuma kwa penseli, taratibu: nani, wapi, mwaka gani, nguo ya rangi gani. Wajukuu watakaokwenda kwa fundi watakuombea dua.
- Kaa na bibi au nyanya aliye hai, washa simu irekodi kwa ruhusa yake. Muulize jina lake na la mama yake na la mama wa mama yake. Muulize nani alikuwa somo wake, alivaa nini, fungate ilikuwa siku ngapi. Usimkatize.
- Kama kuna daftari la hati ya Kiarabu nyumbani, usilitupe kwa kuwa hulisomi. Mtafute anayelisoma leo, maana nao wanaondoka.

Na nongeze moja. Si kila kitu kiandikwe. Aibu ya mtu aliyositiriwa na Mola wake usiifukue kwa jina la historia. Andika haki, andika nasaba, andika kazi na wema. Ghiba haiwi halali kwa kuwa imeandikwa vizuri.

Yule biharusi alinirudia baada ya fungate, kuniletea picha zake. Nyuma ya moja alikuwa ameandika kwa penseli jina lake, jina la mama yake, tarehe, na jina la kitambaa. Jina kamili la bibi alikuwa amelipata kwa mzee mmoja wa Makunduchi, akaliandika pia. Niliilaza picha ile kwenye daftari langu la vipimo.

Allah awarehemu bibi zetu wote, tuwajuao majina na tusiowajua, awape kauli thabiti na makazi mema. Amin. Na wewe, leo kabla ya kulala, muulize mama yako jina la bibi yake, uliandike.